Gofu chini ya miti: Windsor ya Nairobi au Leisure Lodge ya Diani?

Gofu ya Kenya ina milango mingi iliyofungwa. Muthaiga, Karen na Royal Nairobi ni klabu za wanachama; mgeni huingia, lakini mara nyingi kwa kualikwa au kwa kuwa klabu yake ina makubaliano na klabu mwenyeji. Kiingilio cha uanachama nacho si pesa ya kuchezea. Kwa hiyo anayejua kupiga mpira lakini hana kadi ya klabu hubaki na viwanja vya hoteli, ambavyo humpokea yeyote aliyeweka nafasi, akalipa ada ya siku na kuja na shati lenye kola.

Kati ya viwanja hivyo, viwili vinapendwa kwa sababu ya miti. Kimoja ni Windsor, upande wa Ridgeways kando ya Barabara ya Kiambu. Cha pili ni cha Leisure Lodge, Diani, kusini mwa Mombasa. Vyote vina mashimo 18 na mikwaju 72 ya kawaida, yaani idadi anayotarajiwa mchezaji mzuri kumaliza nayo, vyote ni vya hoteli, na vyote vina kima wanaojua kufungua zipu ya mkoba. Ukisoma vipeperushi tu utadhani ni ndugu mapacha. Sivyo, na anayechagua kwa picha anaweza kulipa nauli ya kwenda Pwani kumbe alichokitaka kilikuwa nusu saa kutoka nyumbani, au kinyume chake.

Msimamo wangu nautoa mapema: usichague kwa uzuri. Vyote ni vizuri. Chagua kwa kujua mpira wako huenda wapi unapoharibika, na mwili wako unahimili nini baada ya kucheza kwa saa tatu.

Msitu wa Windsor haurudishi kitu

Windsor imekaa katika nchi ya zamani ya kahawa, kaskazini mwa msitu wa Karura. Majengo yake ni ya mtindo wa Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria, jambo ambalo wengine hulifurahia na mimi huliona kama pambo la keki. Uwanja wenyewe, uliochorwa na Tom Macaulay, ndio wenye maneno. Njia za kuchezea ni nyembamba na miti imesimama pande zote mbili, mirefu, yenye kivuli kizito, na chini yake pana vichaka na majani makavu yaliyorundikana.

Kwenye mashimo kadhaa, ukisimama pa kuanzia unaona mlango tu mbele yako, kijani huku na kijani kule. Mpira ukienda mrama unasikia ko!, mlio mkavu wa shina, kisha kimya. Kedi mzoefu, yaani mbeba mkoba wako, haangalii ulikoelekea mpira. Anatega sikio. Nimemwona mmoja akiinua mkono kabla hata sijamaliza kugeuza mwili, akanyoosha kidole kwenye mti wenye shina lililogawanyika, kisha akaenda moja kwa moja bila kutazama chini, akihesabu hatua kimoyomoyo. Akachutama, akasogeza majani mawili matatu kwa ncha ya fimbo, na mpira ukawa pale, umeegemea mzizi. Ulipatikana, ndiyo, lakini mbele yake palikuwa na ukuta wa miti, na njia ya heshima ilikuwa kuupiga kando kurudi kwenye nyasi fupi.

Hapo ndipo kanuni zinapouma. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3. Zamani zilikuwa 5. Chini ya miti ya Windsor dakika 3 huisha mkiwa bado mnabishana uligonga tawi lipi. Mpira ukipotea unarudi ulikopigia na kuongeza mkwaju mmoja, huku kundi la nyuma limesimama likikutazama mikono kiunoni. Dawa ni kupiga mpira wa akiba kabla hujaondoka pa kuanzia, na lazima utamke wazi kwamba ni wa akiba. Ukikaa kimya ukapiga tu, huo wa pili ndio unaohesabika na ule wa kwanza umekufa hata ukiuona unang'aa. Kuna pia kanuni ya hiari ambayo uwanja unaweza kuikubali: unadondosha mpira pembeni mwa njia, karibu na ulikopotelea, kwa adhabu ya mikwaju miwili, bila kurudi nyuma. Uliza dawatini kama wanaitumia siku hiyo. Ni swali dogo linaloweza kuokoa saa nzima ya watu wanne.

Kwa hiyo Windsor ni uwanja wa anayeweza kuacha draiva, fimbo ya kupiga mbali kabisa, ndani ya mkoba. Kedi wa pale watakuambia bila kuona haya: “Boss, wacha draiva.” Wasikilize. Mpira wa mita 170 uliolala katikati unazidi kwa mbali wa mita 230 ulioingia mitini.

Msitu wa Diani umesimama juu ya jiwe

Diani hadithi inabadilika. Msitu wa huko ni mabaki ya msitu wa Pwani ulioota juu ya jiwe la matumbawe. Si mrefu kama wa bara. Umesokotana, una mibuyu minene iliyojitenga, na kati ya mti na mti mwanga unapenya hadi chini. Mpira wako ukiingia una nafasi ya kuuona. Tatizo ni kwamba chini kuna mawe. Nimeuona mpira ukiingia msituni kwa upole kabisa, ukagonga jiwe, ukarudi katikati ya njia kama umetumwa. Na nimeuona mwingine, wa mtu aliyepiga vizuri kidogo tu kuliko yule wa kwanza, ukiruka upande wa pili na kutoweka. Hakuna ufundi hapo, ni majaliwa.

Njia zenyewe zina nafasi zaidi kidogo, na adhabu imehamishiwa kwenye mabanka ya mchanga. Anayepiga mpira wa kupinda atapumua Diani kuliko Windsor. Anayeogopa mchanga atalia.

Jambo moja la pale halionekani kwa mgeni: upepo. Ukisimama pa kuanzia umezungukwa na miti unadhani hakuna hewa kabisa, jani halitikisiki. Ukitupa nyasi juu zinaanguka pale pale. Lakini bahari iko karibu, na mpira ukishapanda juu ya vilele unakutana na kusi au kaskazi, kutegemea mwezi. Tazama vilele vya miti na minazi, usitazame nyasi. Kedi mmoja wa makamo aliniambia, “Mzee, upepo wa hapa hauko chini, uko ghorofani,” akanibadilishia fimbo bila kungoja jibu.

Hewa, nyasi na hesabu ya fimbo

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira haupati ukinzani mkubwa, na unakwenda mbali zaidi kuliko Pwani, kwa makadirio ya kawaida asilimia 6 hadi 10. Anayepiga fimbo namba 7 mita 140 Diani ataiona ikifika 150 hivi Windsor. Mtu wa Nairobi anayeshuka Pwani huwa na siku mbaya ya kwanza kwa sababu hiyo tu: kila mpira unaanguka mbele ya grini, ile nyasi fupi kabisa yenye shimo, naye analaumu mabega, usingizi, godoro la hoteli. Ongeza fimbo moja tangu shimo la kwanza, maisha yaendelee.

Wengi husema hewa ya Pwani ni nzito kwa ajili ya unyevu. Si kweli. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unyevu kwa kweli hupunguza uzito wa hewa kidogo. Kinachoangusha mpira wako ni kuwa usawa wa bahari. Unyevu unakuangusha wewe.

Nyasi ndizo zinazobadilisha mchezo kuliko watu wanavyodhani. Bara ni nyasi za Kikuyu. Kwenye njia zinaubeba mpira kana kwamba umewekewa mto, raha tupu, ila mpira haubingiriki. Kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, zinashika shingo ya fimbo na kuipindua, na mpira unaenda kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Na mbele ya grini usijaribu kuuburuza mpira chini chini, utakwama. Uinue.

Pwani kwa kawaida ni ukoka. Ukoka unalala upande mmoja, na kwenye grini mpira hufuata ulalo huo hata pale mteremko unaposema vingine. Tazama rangi: upande unaong'aa, nyasi zinaenda mbele pamoja na mpira wako, utakimbia; upande uliofifia na wenye rangi nzito, zinakuja kukupinga. Ukitaka uhakika, chungulia ukingo wa shimo lenyewe. Mara nyingi utakuta nusu moja imekatika safi na nusu nyingine imechakaa na kunyauka. Nyasi zinaelekea upande huo uliochakaa. Hili ukilijua Diani utawashinda watu wenye mikono mizuri kuliko yako.

Wenyeji wa mitini

Kima wako kote. Wa Windsor wamezoea watu kiasi cha kukaa juu ya kigari mkiwa mnapiga mkwaju wa mwisho. Wanachotaka ni ndizi na biskuti. Mfukoni usiwe na kitu kinachonuka utamu, na mfuko wa karatasi wa hoteli ndio usiuache kabisa. Usiwape chakula hata wakikutazama kwa huruma. Kima anayelishwa hujifunza kudai, na anayedai hufika siku akang'ata.

Mara chache huchukua mpira. Kama mpira ulikuwa umetulia na mmemwona akiubeba, au mna hakika ya kutosha, unaweka mpira pale ulipokuwa, bila adhabu. Pahali hasa mkipasahau, mnakadiria. Kinachotakiwa ni ushahidi. “Nadhani kima wameuchukua” si kanuni, ni sala.

Diani ina kivutio kingine: mbega, mweusi mwenye mashavu na mabega ya manyoya meupe, mkia mrefu. Huyu hakusumbui. Anakula majani, kwa hiyo ndizi yako si lolote kwake. Hana hata kidole gumba cha maana, na bado anaruka kutoka mti hadi mti kwa namna inayokusahaulisha zamu yako ya kupiga. Barabara ya Diani ilikuwa inawaua wengi kwa kugongwa na magari, hadi shirika la Colobus Conservation lilipowatundikia ngazi za kamba juu ya lami. Ukiendesha kwenda uwanjani tazama juu, utaziona. Kwa mtu anayekuja na mke au mume asiyecheza gofu, mbega peke yake ni hoja ya kuchagua Pwani. Na karibu hapo, Kinondo, kuna kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mwenzako anaweza kwenda kule na mwongozaji mkiwa nyie bado mnatafuta mipira.

Kufika, saa na majira

Windsor ni rahisi ukiwa Nairobi na ni ngumu kwa sababu hiyo hiyo: Barabara ya Kiambu ina foleni yake. Mechi ya saa moja asubuhi maana yake uwe umetoka kabla ya saa kumi na mbili. Ukianza saa nane mchana na watu wanne wanaotafuta mipira, mashimo mawili ya mwisho mtayacheza kwa kunusa. Giza la kwetu huingia karibu saa moja kasoro mwaka mzima, halina jioni ndefu ya Ulaya, na chini ya miti huingia mapema zaidi.

Diani ni safari. Ndege ndogo hutua Ukunda, dakika chache kutoka hotelini, na ndiyo njia ya mwenye wikendi moja. Treni ya SGR hukufikisha Miritini, halafu kuna barabara ya Dongo Kundu inayokuvusha kusini bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Mkoba wa gofu kwenye ndege ndogo ni suala: uzito unaoruhusiwa ni mdogo, na fimbo 14 na viatu haviwi vyepesi kwa kuvitazama. Uliza kabla ya kulipa tiketi. Wengine huacha nusu ya fimbo nyumbani, na kwa kweli hawazikosi.

Joto ndilo linaloamua. Diani ukianza saa nne asubuhi mwezi wa Februari umejitafutia. Kufika shimo la kumi na mbili hutaki kuzungumza na mtu. Anza saa kumi na mbili na nusu, chukua kigari hata kama wewe ni mtu wa kutembea, na beba maji zaidi ya unavyodhani. Kati ya Julai na Septemba kusi linapoza hewa na kucheza kunakuwa raha. Aprili na Mei ni masika, Pwani hunyesha hasa, usiende kwa ajili ya gofu.

Windsor hiyo hiyo Julai asubuhi ni ya sweta na vidole vilivyokufa ganzi, mawingu mpaka saa tano. Januari na Februari ndiyo miezi yake: jua la kirafiki, ardhi kavu, mpira unakwenda. Kutembea kunawezekana, ingawa kuna kupanda na kushuka kwa kutosha kumkumbusha mtu magoti yake.

Pesa

Sitaji bei, hubadilika. Ila ujue mpangilio: kuna bei ya mkazi wa Afrika Mashariki na ya mgeni, kuna ya siku za kazi na ya wikendi, na tofauti si ndogo. Beba kitambulisho, Mtanzania na Mganda waulizie bei ya ukanda huu, wasikubali kulipishwa kama watalii kwa kunyamaza. Juu ya ada kuna kedi, kigari na fimbo za kukodi. Wanaolala hotelini mara nyingi hupata punguzo la uwanja, na hapo Diani hupata nguvu: ukiwa utalala siku tatu hata hivyo, gofu inakuwa nyongeza. Windsor watu wengi hucheza na kurudi nyumbani, kwa hiyo unalipa uwanja kama uwanja.

Kedi mlipe vizuri na mkononi. Katika viwanja vya miti anaokoa mipira ambayo bei yake inazidi bakshishi yako. Beba mipira ya kawaida, si ile ya boksi la gharama. Msitu hausomi jina lililoandikwa juu yake.

Nani aende wapi

Mwenye handikapu (kipimo cha kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo bora) ya chini ya 15 anayependa kufikiri kila mkwaju: Windsor, siku ya kazi, asubuhi. Kundi la marafiki wa viwango tofauti, wengine wakiwa wamejifunza mwaka jana: Diani, kwa sababu mtamaliza mkiwa bado mnaongea. Familia ambayo nusu yake haichezi: Diani, bila mjadala. Mgeni wa kikazi mwenye asubuhi moja tu kabla ya ndege ya jioni: Windsor, ila ahesabu saa ya foleni.

Aliyeanza juzi asiende popote kati ya hivi viwili. Aende Golf Park, ndani ya Ngong Racecourse, ambako haulizwi uanachama na Msitu wa Barabara ya Ngong uko jirani. Apige mipira mia ovyo pale, gharama ikiwa ndogo na aibu ikiwa ndogo zaidi. Siku za mbio za farasi apige simu kwanza.

Kuna watakaoniuliza kuhusu Vipingo, kaskazini mwa Mombasa. Ni uwanja mkubwa, uliochorwa na David Jones, na uliandaa mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open, yakiwamo yale ya kwanza mwaka 2019, aliyoshinda Esther Henseleit wa Ujerumani. Lakini upo kwenye kilima cha wazi, mibuyu imeachana, upepo ndio mwenye mali. Anayetafuta kivuli cha msitu hatakipata. Kili Golf ya Usa River, kati ya Arusha na Moshi, ni mkono wa Jones huyo huyo, na Mlima Meru unakutazama unapopiga. Kwa mtu wa Arusha au Moshi hiyo ni bora kuliko kuvuka mpaka wa Namanga kwa ajili ya raundi moja.

Mimi nikipewa nafasi moja tu, naenda Diani mwezi wa Agosti, nianze kabla jua halijapanda, mkoba ukiwa na fimbo tisa. Windsor naiacha kwa siku ambayo draiva imenitii wiki nzima.